Mwenye Maziwa

Sisi watu wa zamani wa Kitengela tulimwita Daktari, na wageni waliokuja baadaye walidhani ni daktari wa watu. Mtu angeingia hotelini kwangu na mtoto mwenye homa, aniulize Daktari anakaa meza gani. Namwambia, baba, kwani huyo mtoto wako ana pembe? Huyu anatibu wenye pembe. Daktari mwenyewe hakucheka. Angemwita yule mtoto, amguse paji la uso, amfunue macho, halafu amwambie mzazi ampeleke hospitali leo hii, si kesho, na angeacha chai yake ipoe huku akiwasindikiza mpaka barabarani.

Hoteli yangu ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, mabati juu, mbao pande zote, wakati Kitengela bado ni maduka machache na nyumbu wanapita nyuma ya choo. Mimi ni mtu wa Machakos. Nilikuja hapo na sufuria mbili na hasira nyingi, na hasira hiyo ndiyo iliyonilisha. Nasema hivi mjue ni nani anawasimulia. Hapo mwanzo sikuwa rafiki wa Daktari hata kidogo, kwa sababu yule mtu alitaka kuninyang'anya maziwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa gambuti mchana kutwa, hata kanisani. Alinuka dawa ya kupe. Meza yake ilikuwa ile ya karibu na jiko, na chai yake lazima iwe ya maziwa ya Mama Naserian. Huyu Mama Naserian alikuwa Mmaasai wa boma la upande wa mbugani, ananiletea maziwa kila asubuhi ndani ya kibuyu. Wao kibuyu hukisafisha kwa kijinga cha mzeituni wa porini, kwa hivyo maziwa yanakuwa na harufu ya moshi, na madereva wa malori walikuwa wakisimamisha gari kwa ajili ya chai ya maziwa hayo. Daktari alikuwa akinywa kikombe cha kwanza amefunga macho. "Mama, hii chai yako hata kwetu sijaipata." Halafu anaweka kikombe chini na kuanza kunihubiria: kibuyu ni hatari, kibuyu hakioshwi kikatakata, na siku akifungua kiwanda chake hatapokea hata tone moja lililopita kwenye kibuyu. Nikamuuliza, "Na hiyo yenye umekunywa sasa hivi?" Akasema hiyo ni tofauti, imechemka. Siku zote alikuwa na jibu.

Neno lake lilikuwa "ni kuelimishana tu." Josho la ng'ombe limekauka na wazee hawataki kuchanga: ni kuelimishana tu. Watu wamechelewa kuchanja ndama: ni kuelimishana tu. Vibarua wamekojoa nyuma ya hoteli yangu nikawamwagia maji ya vyombo, na Daktari ananiambia, "Mama, hapo ilikuwa ni kuelimishana tu." Haki ya Mungu kuna siku nilitamani kumwelimisha kwa mwiko. Lakini hakuwa na majivuno, hilo nitamtetea nalo popote. Nimemwona akirudi kutoka mbugani na damu mpaka begani, ametembea mchana kutwa kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyeshindwa kuzaa, na akiulizwa amelipwa nini anasema ndama yuko hai. Hilo lilimtosha kabisa, na mimi lilikuwa linaniudhi.

Ng'ombe aliwajua. Kimaasai kina jina la kila rangi ya ng'ombe, kila baka, kila pembe iliyopinda, na Daktari alikuwa nayo yote. Angekaa na wazee mchana mzima wakiongea juu ya fahali mmoja. Lakini salamu ya wanawake ilimshinda. Mwanamke wa Kimaasai unamwambia "Takwenya," naye anakuitikia "Iko." Daktari aliwasalimu wanawake vile anavyosalimu wazee, wao wanaziba midomo na kucheka, yeye anaondoka akidhani amewafurahisha. Katika boma la Mama Naserian aliwajua ng'ombe wote mmoja mmoja kwa majina, na yeye mwenyewe Mama Naserian alimwita "yule mama wa maziwa."

Aliacha kazi ya serikali kwa sababu ya maziwa yaliyomwagwa. Alinieleza mwenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua, majani tele, vibuyu vimejaa mpaka hakuna pa kuweka, na bomani akakuta mbwa wananyweshwa maziwa mazima. "Kwetu milimani," akasema, "kila asubuhi watu wanapanga mikebe barabarani, lori la ushirika linapita, na mwisho wa mwezi mtu analipia watoto shule. Hapa ng'ombe ni wengi kuliko kwetu, na mtoto hana kiatu. Sasa Mama, mtu anaona hivyo anyamaze?" Macho yalikuwa yamemlengalenga. Nikamwambia mimi nimeona mengi na nimenyamaza, na niko sawa.

Akauza sehemu yake ya shamba la baba yao. Hakuwa ameoa, alikuwa akisema ataoa kiwanda kikisimama. Ndugu yake mkubwa alimsihi mpaka akachoka. Shamba hilo ndilo lililogeuka nyumba ya mawe nyuma ya hoteli yangu, jenereta, na tangi kubwa la chuma la kupozea maziwa, ambalo sisi wote tuliliita friji. "Na ikianguka utarudi wapi?" nikamuuliza. Akasema haitaanguka. Nikamuuliza tena, kwa sababu mimi si mtu wa kujibiwa hivyo. Akakwaruza meza kwa ukucha. "Sina pa kurudi, Mama. Ndiyo maana haitaanguka." Nilimhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na nikamwongeza chai.

Mkutano aliufanya pale joshoni, siku ya kuogesha ng'ombe, na hapo ndipo alipokosea. Alisimama mbele ya watu akauliza, "Nani hapa ni mwenye ng'ombe?" Kwao Daktari, huko milimani, swali hilo linatosha. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye maziwa, ndiye anayeyapeleka na ndiye anayelipwa. Wazee wote wakainua fimbo. Kati yao alikuwa mume wa Mama Naserian, mzee mpana wa kifua, mpole wa maneno, mtu wa kuheshimiwa na rika lake lote. Wakakubaliana, wakashikana mikono, mbuzi akachinjwa. Wanawake walikuwa wamekaa kando na vibuyu vyao na hakuna aliyewauliza chochote.

Sasa kwa Mmaasai, ng'ombe ni wa mume. Lakini mke anagawiwa ng'ombe wake wa kukama, na maziwa yakishaingia kwenye kibuyu ni yake. Yeye ndiye anajua ya watoto ni yapi, ya mgeni ni yapi, ya kuuza ni yapi. Mume anayechungulia kibuyu cha mke wake anachekwa na wenzake. Daktari alikuwa ametibu mifugo ya Kajiado kwa miaka na hakulijua hilo, kwa sababu ng'ombe akiugua, anayekuja kumwita ni mwanamume.

Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni pa kiwanda na koti jeupe, gambuti zimeoshwa, jenereta inanguruma. Wanawake wakaja na vibuyu vyao, wakapita mbele yake wakicheka, wakaingia kwangu kama kawaida. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Usiniangalie mimi," nikamwambia. "Mimi sijaita mkutano." Alipandisha mabega, akaenda kutafuta wazee.

Wazee waliona aibu, maana walikuwa wamempa mkono. Kila mmoja akaenda kwake akatoa amri. Sijui zilitolewaje, lakini baada ya hapo maziwa yalikuja kiwandani kwa mikebe ya alumini, na kwangu hayakuja tena. Nikaanza kupikia chai maziwa ya pakiti. Madereva wakalalamika, na mimi nikamtukana Daktari kwa Kikamba kila akipita, naye ananisalimia kwa adabu. Friji ikajaa. Gari likawa linapeleka maziwa lala, yale ya kuganda, mpaka Nairobi. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi vile, alikuwa anatembea akigusa kuta za ile nyumba kama anayempapasa ng'ombe. Mwisho wa mwezi wazee wakapanga foleni wakalipwa, na sitasema uongo, wengine walinunua ndama, wengine walipeleka watoto shule. Wengine waliishia kwenye baa ya ng'ambo ya barabara na kurudi nyumbani wakiimba.

Siku moja Mama Naserian akaingia hotelini mikono mitupu. Daktari alikuwa kwenye meza yake. Yule mama hakuketi.

"Daktari, mimi nataka kuuliza. Ng'ombe ni ya nani?"

"Ya mzee wako," akasema.

"Ni kweli. Na maziwa ni ya nani?"

"Ya mwenye ng'ombe, mama. Si ni kitu kimoja?"

Akamtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. "Mtoto akilia usiku kwa njaa, analilia mzee? Mgeni akikuja, anaambia mzee lete kibuyu? Wewe ulichukua kitu yangu, ukapea mtu mwingine pesa yake, halafu ukanisalimia kama mwanaume." Hotelini kila mtu aliacha kutafuna. Daktari alifungua mdomo, na nikajua ni lile neno lake linakuja. Nilimkata jicho. Akaufunga.

Kesho yake akaenda bomani kwao, na safari hii si kwa ajili ya ng'ombe. Alirudi mchana, akaketi, nikamwekea chai. Akaisukuma. Alikuwa amekuta watoto wa Mama Naserian na wajukuu wanakunywa turungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa, ndani ya boma lenye ng'ombe wamejaa. Kuna katoto kamoja, akasema, nywele zimeanza kugeuka rangi. "Mama, mimi nilisoma lishe. Najua hiyo ni nini. Hiyo ni mimi nimefanya." Nikamwambia anywe chai. Alijifunika uso kwa koti lake, mwanaume mzima, na sikujua niangalie wapi. Siku hiyo ndiyo niliacha kumtukana, hata kwa Kikamba.

Hapo angeweza kunyamaza. Kiwanda kilikuwa kinasimama, na alikuwa ameweka shamba lake lote mle ndani. Lakini mtu wa namna ile hawezi, ndiyo shida yao hawa. Aliita mkutano wa pili, akasema kuanzia sasa atalipa mwenye kukama, na kila mama aache kwanza maziwa ya nyumba yake. Wazee walisikiliza kwa utulivu. Mume wa Mama Naserian akasimama, akamshukuru kwa dawa za ndama, akasema, "Ni sawa, Daktari. Ni sawa tu." Wengine wote wakasema ni sawa. Daktari alikuja kwangu mbio kunieleza jinsi walivyokubali. Nikamwambia Mmaasai mzee akikwambia ni sawa mara mbili, wewe funga virago. Hakunisikia.

Ilikuwepo miezi mizuri baada ya hapo, na nitaitaja kwa sababu watu huisahau. Wanawake walikuwa wanakaa nje ya kiwanda na mikebe yao wakishona shanga, wanaimba, wanasengenya, wanakuja kwangu kununua mandazi kwa pesa zao. Wakamfundisha Daktari kusema "Takwenya." Alilitamka vibaya na wakamwitikia kwa nguvu, "Iko!" mpaka barabarani kunasikika. Maziwa kidogo yalirudi kwangu pia. Mama Naserian akanunua mabati, akaezeka nyumba yake, na ilikuwa inang'aa ukiwa mbali.

Mume wake akapita hotelini. Aliagiza chai, akainywa yote polepole, akaniuliza kama nimeyaona hayo mabati. Nikasema nimeyaona, ni mazuri. "Watu wa rika langu wananiuliza swali," akasema, bila hasira yoyote. "Wananiuliza kama siku hizi mimi ndiye nimeolewa." Akacheka kidogo, akalipa, akaondoka. Nikamweleza Daktari, naye, woi, unajua alichosema. Kuelimishana.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Ukame ulikuja, ule mkubwa, na wazee wakahamisha ng'ombe kufuata majani, upande wa Loitokitok chini ya mlima. Ni jambo la kawaida, ng'ombe huhamishwa kila ukame. Ila safari hii walihamishwa mapema, na hata wale wa kukamwa, ambao huachwa nyumbani kwa ajili ya watoto, walikwenda pia. Kiwandani maziwa yakapungua mpaka yakawa ya kufunika tu sakafu ya tangi. Jenereta ikazimwa. Daktari alikuwa anakuja asubuhi kufuta tangi kwa kitambaa, halina kitu, analifuta tu.

Kisha Mama Naserian akaonekana barabarani alfajiri na mzigo mgongoni, peke yake, na hakurudi. Kitengela nzima ikasema amefukuzwa. Mimi pia nilisema, maana nilikuwa nimesikia yale maneno ya mume wake kwa masikio yangu. Mwanamke ameezeka nyumba kwa pesa ya maziwa, mwanamume ameaibishwa, amemfukuza. Ilieleweka hivyo na hakuna aliyeuliza zaidi.

Daktari aliposikia aliacha chai mezani akatoka. Mtu alikuwa amemwambia kwamba kwa Wamaasai ukienda kuomba amani unashika majani mabichi mkononi. Majani mabichi, katika ukame ule! Alizunguka mpaka akayapata kwenye mtaro wa kiwanda, pale maji ya kuoshea mikebe yalipokuwa yakimwagika. Akayang'oa, akaenda nayo bomani, kwa miguu, juani. Mzee alimpokea vizuri, akampa kigoda. Daktari akamwomba amrudishe mkewe, akasema kosa ni lake, si la mama. Mzee akayapokea yale majani, akayaweka kando, akamuuliza kama ana dawa ya ndama anayeharisha. Daktari akamwomba tena, na mzee akauliza tena dawa. Alirudi na mikono mitupu, akaniambia, "Amenikasirikia mpaka hawezi kulitaja." Nami niliamini ni hivyo.

Kiwanda kilikufa bila kelele. Tangi lilinunuliwa na watu wa mbali, likapakiwa kwenye lori mchana kweupe, na kuta zikafanywa stoo ya simiti. Ndugu yake mkubwa akaja na pikapu kutoka kwao kumchukua. Mtu mzima, mvi, kofia mkononi, akazungumza mbele yetu sote bila aibu. "Shamba langu ni dogo lakini litatutosha. Nimekutengea upande wa mtoni. Panda gari twende nyumbani." Sijapata kumwonea mtu wivu kama siku hiyo, kwa sababu mimi ndugu zangu wasingenifuata hata Athi River. Na Daktari akakataa. "Kuna mtu nimemwondoa kwake," akasema. "Siwezi kwenda kukaa kwangu wakati yeye hana kwake." Ndugu yake alimvuta mkono, wakavutana kama watoto, mwisho akamwachia. Nilimwambia Daktari ni mjinga. Nililia wakati namwambia.

Akaingia ndani, Kajiado yenyewe, huko ambako lami haifiki. Tulisikia yuko Mashuuru, tukasikia yuko Bisil, anatibu ng'ombe kwa kula na kulala. Kila boma anauliza habari za mama mmoja. Kitengela ikajaa ploti, nyumba za ghorofa zikapanda pale nyumbu walipokuwa wakipita, wazee wengi wakauza ardhi, na hoteli yangu ikapata kuta za mawe na televisheni. Miaka ikapita hivyo.

Halafu siku moja, muda mfupi tu kabla ya hili la mwisho ninalotaka kueleza, mwanamke mnene, amevaa sweta nzuri, akaingia akaagiza chapati. Aliketi akanitazama mpaka nikageuka. Alikuwa Mama Naserian. Tulikumbatiana tukamwaga maharagwe ya watu. Anaishi Loitokitok, karibu na binti yake, analima vitunguu kwa maji ya mfereji, na alikuwa amekuja kufuata soko. Nikampa pole kwa yale ya kufukuzwa.

"Kufukuzwa?" akasema. "Na nani?"

"Na mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilichoka na huyo mzee zamani, hata hiyo friji haijakuja. Nilikuwa nangojea tu nauli. Maziwa ikanipa nauli, nikaenda. Yeye alibaki anaona aibu kuambia watu bibi amemwacha, akanyamaza." Nikamweleza habari za Daktari, majani aliyobeba, maboma yote anayozunguka. Akaacha kutafuna. Akatikisa kichwa. "Hata kutoka kwangu alifikiria ni kitu yeye alifanya," akasema. "Mwambie aende kwao." Akalipia chapati zake, akaniachia kitunguu kimoja kikubwa mezani, akaondoka.

Daktari nilimkuta soko la mifugo la Kajiado, nimeenda kununua mbuzi. Niliutambua mgongo wake kwanza. Alikuwa ameinama juu ya mguu wa ng'ombe, anachokonoa kwato, anaongea na yule mnyama kwa Kimaasai. Alipoinuka niliona amebaki mifupa, meno yamepungua, na gambuti amezifunga kwa kamba. "Mama wa chai!" akasema, akafurahi kabisa, akapangusa mkono kwenye koti kabla ya kunipa. Tuliulizana habari. Akaniambia ndugu yake alikufa, na yeye alipata habari wameshazika. Upande ule wa mtoni watoto wa marehemu waliuuza, na hawalaumu, hawakumjua.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuliza hivyo kila mahali, kama nimesikia lolote juu ya Mama Naserian.

Nilitaka kusema sijasikia. Mimi nimewadanganya wateja mengi, maharagwe ya jana nimeyaita ya leo, lakini pale ulimi ulikataa. Nikamwambia yote. Kwamba yuko Loitokitok na amenenepa. Kwamba ana vitunguu. Kwamba hakufukuzwa na mtu, alikuwa anatafuta nauli, na nauli ilitoka kwa maziwa. Nilidhani hapo atafurahi, nikangoja.

"Nauli," akasema.

"Ndiyo. Wewe ulimsaidia, Daktari."

"Aliniulizia?"

"Hapana," nikasema. "Ni mimi niliyekutaja."

Alisimama akiangalia ng'ombe wakisukumwa kupanda lori, vumbi linampiga usoni na hafumbi macho. Nilikuwa nikimwona mtu anarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, boma baada ya boma, mpaka kwenye ile pikapu.

"Kumbe ningepanda," akasema. "Mama, kumbe siku ile ningepanda tu lile gari."

Mwenye ng'ombe alikuwa anamwita, mguu bado haujafungwa. Akachukua mfuko wake akaenda.